Madungu Sita, Watoto Wanne Kila Dungu

Paukwa!

Nani huyo ameitikia kama mgonjwa? Sogeeni karibu na moto, nyinyi wa nyuma. Na wewe uliyekalia kuni, ondoka, tutazihitaji. Narudia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimesikia watu. Hadithi ya leo si ya kuchekea mpaka mwisho. Mwanzo wake mtacheka, nawajua, lakini mkifika katikati msije mkaniuliza kwa nini sikuwaambia mapema. Nimewaambia.

Hapo zamani za kale, wakati mito inajibu ikiulizwa na ndege wanapiga umbea na watu, palikuwa na kijiji kilichokaa juu, katikati ya mawe makubwa. Mashamba yake yalikuwa chini, kwenye mbuga, ng'ambo ya mto. Kijiji hicho kilikuwa na mwiko mmoja mkubwa kuliko yote. Mtu hahesabiwi. Huwezi kumnyoshea mtoto kidole ukasema mmoja, ukamnyoshea mwenzake ukasema wawili. Walisema Kifo kina masikio, na kikisikia mtoto anaitwa mmoja, kinajua wa kuanza naye.

Mwanamke mmoja wa kijiji hicho, jina lake Nkwimba, aliujua mwiko huo kwa uchungu wake mwenyewe. Alizaa watoto watatu. Siku moja mchuuzi wa chumvi alipita uani kwake, akacheka nao, akawanyoshea kidole: mmoja, wawili, watatu! Mvua za mwaka ule hazijaisha, yule wa tatu, Milembe, alishikwa na homa akafa. Wawili wakubwa walikua, wakaolewa mbali. Nkwimba akabaki na jamvi, na kinu, na hofu ya kidole.

Basi hofu hiyo ikamfundisha akili. Alifikiri, akafikiri, akafikiri, mpaka akapata njia ya kujua idadi ya watoto bila kuwagusa kwa kidole. Usimhesabu mtoto, hesabu kikundi. Hakikisha vikundi vinalingana, kisha sema mara. Kifo kikitega sikio kitasikia nne, kitasikia sita, hakitamsikia mtoto wa mtu.

Kila asubuhi watoto wa kijiji walikaa kwenye jamvi lake. Aliwawekea karanga mbele.

"Mama mmoja ana vyungu vitatu," alisema Nkwimba. "Kila chungu kina mayai matano. Mayai mangapi?"

"Tano, na tano, na tano," watoto wakasema. "Kumi na tano!"

"Kwa hiyo?"

"Tatu mara tano, kumi na tano!"

"Mbuzi saba wanapita. Kila mbuzi ana miguu minne. Miguu mingapi?"

Hapo walinyamaza. Nyinyi pia mmenyamaza, nawaona! Watoto wakapanga karanga, nne hapa, nne hapa, nne pale, mpaka vikundi vikawa saba. Kabula, msichana mrefu aliyependa kuwa wa kwanza kwa kila kitu, akaruka juu. "Ishirini na nane, Mama Nkwimba!"

"Hapana," sauti ndogo ikasema. "Ishirini na saba."

Huyo alikuwa Holo, mtoto wa Minza mjane. Alikuwa mdogo kuliko wote, mapengo mbele, na mdomo haukupumzika. Akiwa haongei anaimba, akiwa haimbi anatafuna. Nkwimba alitazama karanga zake. Vikundi sita vilikuwa na nne nne. Cha saba kilikuwa na tatu.

"Holo, ya nne iko wapi?"

Holo akameza. "Ilikuwa hapa hapa."

Watoto wakaangua kicheko, Nkwimba naye akacheka. Alichukua karanga nyingine kwenye kanga yake, akaiweka pale penye upungufu. "Vikundi lazima vilingane," alisema. "Visipolingana hakuna mara. Haya, sema."

"Saba mara nne, ishirini na nane," Holo akasema, jicho likiwa kwenye karanga mpya.

Kulikuwa na kanga. Si kanga ya kuvaa, namaanisha ndege, mwenye madoadoa na shingo ya kupekua mambo ya watu. Alipita uani na vifaranga vyake, akasimama.

"Nkwimba, watoto wako wangapi?" Kanga aliuliza.

"Vikundi sita, kila kikundi wanne," Nkwimba akamjibu. "Sita mara nne, ishirini na nne."

"Ishirini na nne! Makubwa hayo. Mimi hata kumi siifikii. Wangu nawasikia tu wakilia, najua huyu yupo, huyu yupo, huyu ananisumbua." Akaenda zake akiparura.

Mtama ukakomaa. Kwelea wakaja, makundi kwa makundi, wakalifunika jua. Kwelea ni ndege mdogo wa kuenea kiganjani mwako, lakini wakiwa wengi wanamaliza shamba kabla hujamaliza kunawa uso. Kijiji kikajenga madungu sita kwenye mbuga. Dungu ni jukwaa la miti, lina nguzo nne ndefu na paa la majani, watoto wanakaa juu kutwa wakipiga kelele na kurusha madonge ya udongo kwa kombeo. Matano yalijengwa chini, penye udongo mweusi. La tatu tu ndilo lilisimamishwa juu ya kichuguu.

Watoto wanne kila dungu. Nani anisaidie? Madungu sita, watoto wanne kila dungu?

Ishirini na nne. Vizuri. Ishikeni hiyo.

Kuvuka mto kulikuwa na gogo moja. Nchi ile ya mawe haikuwa na miti mirefu, na gogo lile lilikuwa limetoka mbali, likaburutwa na ng'ombe siku tatu. Kijiji hakikuwa na jingine. Kwa hiyo kila jioni, au wingu likionekana upande wa juu wa mto, watoto wanavushwa, kisha gogo linavutwa kwa kamba hadi kijijini kabla maji hayajalichukua. Kulirudisha kulihitaji wanaume watangulie kwa miguu maji yakiwa machache, walipokee ng'ambo, maana upande mmoja peke yake hauwezi.

Kila jioni Nkwimba alisimama ukingoni upande wa kijiji, akaita.

"Dungu la kwanza!"

"Tumetimia!"

"Dungu la pili!"

"Tumetimia!"

"Dungu la tatu!"

"Tumetimia!"

Hivyo hivyo hadi la sita. Kisha alisema kwa sauti, "Sita mara nne, ishirini na nne," na Masele, kijana wa ng'ombe, akalivuta gogo. Siku ya kwanza hivyo. Siku ya pili hivyo. Siku ya tatu hivyo. Wazazi wakamsifu. Mzee Lufunga, mkuu wa wazee, alisema tangu azaliwe hajaona akili ya namna ile, watoto wanajulikana walivyo na hakuna aliyenyoshewa kidole. Nkwimba akafurahi. Kwa nini asifurahi? Tangu Milembe afe, ndiyo mara ya kwanza alilala usingizi mzuri.

Siku ya nne, Kanga alimkuta Nkwimba akivuka na watoto asubuhi.

"Nkwimba, watoto wako wangapi?"

"Nilishakwambia siku ile. Sita mara nne, ishirini na nne."

"Siku ile ilikuwa siku ile," Kanga alisema.

"Mara haibadiliki kama umbea wako," Nkwimba akamjibu, na watoto wakacheka mpaka gogo likatikisika.

Siku hiyo, jua likiwa utosini, Holo aliwaambia wenzake wa dungu la sita, "Mimi naenda kwa Kabula. Wana viazi." Dungu la tatu walikuwa wamechimba kishimo juu ya kichuguu, wanachoma viazi, na harufu ilimfikia Holo alikokuwa. Wenzake wakamwambia nenda. Akashuka, akapita kwenye mtama akiimba. Mtama ulimzidi kimo mara mbili.

Alifika dungu la tatu, akala kiazi, akala cha pili, akaomba cha tatu. Kabula akamwambia, "Wewe unakula tu. Katuletee madonge ya udongo, yetu yamekwisha, ndipo upate kingine." Holo akachukua kikapu, akaenda kwenye bwawa dogo lililokauka mwisho wa shamba, akaanza kuviringisha udongo. Alikuwa anaimba. Donge moja, analitengeneza vizuri, analilaza juani. Mtoto akipenda kazi yake hasikii kitu.

Na kwelea wakaondoka. Wote kwa pamoja, mbuga nzima ikanyamaza. Nkwimba, aliyekuwa kijijini akitwanga, alisikia ukimya ule, akatazama juu ya mto, akaona wingu jeusi limekalia milima. Akatupa mchi. Alikimbia hadi ukingoni, akapiga yowe, na watoto wakashuka kwenye madungu mbio mbio. Wakavuka gogo mmoja nyuma ya mwingine, vumbi la mtama kichwani. Masele alikuwa ameshafunga kamba.

"Dungu la kwanza!" Nkwimba aliita.

"Tumetimia!"

"Dungu la pili!"

"Tumetimia!"

"Dungu la tatu!"

Kabula aliwatazama wenzake. Walikuwa wanne, kama siku zote. "Tumetimia!"

"Dungu la nne!"

"Tumetimia!"

"Dungu la tano!"

"Tumetimia!"

"Dungu la sita!"

Wale watatu wa dungu la sita walitazamana. Holo si yuko kwa Kabula? Na kwa Kabula si wameshajibu? "Tumetimia!"

Hakuna aliyesema uongo. Nimeifikiria hadithi hii miaka mingi, nikitafuta aliyesema uongo, sikumpata.

"Sita mara nne, ishirini na nne," alisema Nkwimba. "Masele, vuta."

Masele akawapiga ng'ombe, kamba ikakaza, gogo likatoka ng'ambo, likaburuzika juu ya mawe. Wakati ule ule maji yakaja. Hayakuja taratibu. Yalikuja na miti mizima, yakiwa mekundu, yananguruma. Watoto wakapiga makofi kwa sababu walikuwa wamewahi. Nkwimba akashusha pumzi.

Ndipo Kanga akatokea akiruka kutoka ng'ambo, vifaranga vyake vimetangulia, vinaanguka anguka kwenye majani ya ukingo. Naye akatua wa mwisho, manyoya yamelowa.

"Nkwimba," alisema akihema, "watoto wako wangapi?"

"Sita mara nne, Kanga. Wote wamevuka. Wewe hebu jikaushe."

"Basi yule anayeimba kule kwenye mtama ni wa nani?"

 Nkwimba aligeuka, akawatazama watoto. Hakuwahesabu, hata wakati ule hakuthubutu. Aliwatazama nyuso tu, moja baada ya nyingine, akitafuta mapengo. Watoto nao wakaacha makofi. Kabula akaweka mkono mdomoni, akaanza kulia kabla hajaulizwa.

"Alikwenda kuchukua udongo," alisema. "Nilimtuma mimi."

Na pale ng'ambo Holo akatoka kwenye mtama, kikapu kichwani, akasimama ukingoni. Alitazama maji. Alitazama mahali gogo lilipokuwa asubuhi.

"Mama Nkwimba!" aliita. "Mmeniacha!"

Nkwimba akaingia majini hadi magotini. "Mto!" alisema. "Mto, ngoja kidogo. Ngoja tu tumvushe."

"Siwezi kungoja," Mto ukasema. "Nasukumwa nyuma na mimi."

Akaingia hadi kiunoni. "Mto, chukua mtama wote. Chukua shamba zima, tutashinda njaa, hatutakulaumu."

"Mtama nauchukua," Mto ukasema. "Sikuhitaji ruhusa."

Akaingia hadi kifuani. "Mto, kikundi hiki hakijatimia! Ni watatu, wanatakiwa wanne! Nirudishie kikundi changu!"

"Mimi sijui vikundi," Mto ukasema. "Mimi huchukua mmoja mmoja."

Maji yakamwinua. Masele na wenzake walimshika kwa nguo, wakamtoa akipigana nao, akiwauma mikono. Wakajaribu kulirudisha gogo. Likaelea, likapinda, likataka kwenda na ng'ombe, kwa kuwa ng'ambo hapakuwa na wa kulipokea isipokuwa mtoto mwenye kikapu. Wakajaribu mara ya pili. Wakajaribu mara ya tatu. Kamba ikakatika, na gogo lile walilolitunza hivyo likaenda zake.

Maji yalikuwa yanapanda upande wa mbuga, maana huko ndiko chini.

"Mama Nkwimba, nifanyeje?"

"Panda dungu, mwanangu! Panda ukae katikati!"

"La ngapi? Langu, au la kwenye kichuguu?"

Nkwimba alitazama. Dungu la tatu lilikuwa mbali ndani ya mtama, halionekani vizuri kwa mvua iliyoanza. Dungu la sita lilikuwa karibu na ukingo.

"La sita!" alipaza sauti. "Panda la sita, nikuone!"

Holo akapanda. Akakaa katikati kama alivyoambiwa, miguu ameikunja, kikapu cha madonge mapajani. Nkwimba akakaa ukingoni akamwelekea. Akamwimbisha, mtoto asiogope. Mbili mara nne. "Nane!" sauti ikajibu kutoka ng'ambo. Tatu mara nne. "Kumi na mbili!" Nne mara nne. "Kumi na sita!" Mvua ikanenepa. Walisikilizana hivyo mpaka giza likashuka, na Nkwimba hakujua ni wakati gani aliacha kusikia mtoto akaanza kusikia mvua peke yake.

Kulipopambazuka, madungu yaliyosimama yalikuwa matano. La sita, pale lilipokuwa, palikuwa na maji tu, yanazunguka. Dungu la tatu lilikuwa kavu juu ya kichuguu chake, na majivu ya viazi yalikuwa bado hapo.

Utupieni moto kuni. Msinitazame hivyo.

Minza, mama yake Holo, alikuwa amekwenda kijiji cha pili kumuuguza dada yake. Alirudi asubuhi ile hajui kitu, ana kuku kwapani. Nkwimba alimfuata njiani. Hakutaka aambiwe na mtu mwingine.

"Dada Nkwimba, mbona umelowa hivyo? Watoto wamevuka salama?"

"Minza, mdogo wangu. Weka huyo kuku chini."

"Kwa nini niweke kuku chini?"

Nkwimba akamwambia. Hakuficha kitu, hata lile la dungu la kichuguu. Minza alimsikiliza mpaka mwisho, kuku bado yuko kwapani. Kisha akauliza kwa sauti ndogo:

"Ulimhesabu?"

"Nilihesabu vikundi."

"Sikukuuliza vikundi. Holo ulimhesabu?"

"Minza, unajua mwiko wetu. Unajua Milembe alivyo—"

"Holo wangu ulimhesabu?"

"Hapana," alisema Nkwimba.

Minza akaketi njiani, pale pale kwenye tope. Hakupiga kelele. Alimshika yule kuku akawa anampapasa manyoya, anampapasa, mpaka wanawake wakaja wakamwinua.

Walimpata Holo siku ya tatu, mbali, maji yalipopungua. Wakamzika. Matanga yakakaa, matanga yakaondoka. Nkwimba alikunja jamvi, akalisimamisha nyuma ya mlango, akaapa hatafundisha tena. Lakini watoto hawajui viapo vya wakubwa. Asubuhi moja alifungua mlango akawakuta wamekaa uani kwenye vumbi, kimya, na Kabula ameleta karanga za kwao.

"Tunataka kupanga vikundi," Kabula alisema. "Tumejaribu nyumbani, tunakosea."

"Karanga ngapi?"

"Karanga zetu sisi. Moja ya kila mtu."

Nkwimba akaketi nao. Wakapanga mbili mbili, ikabaki moja. Wakapanga tatu tatu, zikabaki mbili. Wakapanga nne nne, zikabaki tatu, na hapo mmoja wa dungu la sita akaanza kulia. Wakapanga tano tano, zikabaki tatu. Wakapanga sita sita, zikabaki tano. Wakapanga saba saba, zikabaki mbili. Mikono yao midogo ilikuwa inavuruga na kupanga, inavuruga na kupanga.

"Tumekosea wapi, Mama Nkwimba?"

"Hamjakosea," alisema. "Ishirini na tatu haina vikundi vya kulingana. Nimeijaribu hata mimi, usiku na mchana."

"Tukiongeza moja?"

"Hatuongezi," Nkwimba alisema.

Lakini wazee ndivyo walivyotaka, kuongeza. Mwaka ukazunguka, mtama ukakomaa tena, kwelea wakaonekana. Gogo jipya lilipatikana kwa taabu kubwa. Mzee Lufunga akaitisha kikao, na pembeni yake akamsimamisha mjukuu wake, msichana mpole aliyemtoa kijiji kingine.

"Nimeleta huyu akae kwetu," alisema. "Sasa wametimia. Madungu sita, wanne wanne, na mambo yatakwenda kama zamani."

Watu wakaitikia kwa kichwa. Walikuwa wanataka sana mambo yaende kama zamani. Minza alikuwa amekaa nyuma, hajazungumza kikaoni tangu msiba. Akasimama.

"Mzee wangu, shikamoo. Mwanangu alikuwa tundu kwenye pakacha, mnaziba?"

Mzee Lufunga alitazama chini. "Minza, mwanangu, si hivyo. Lakini tutajuaje kama watoto wamevuka wote? Watu hawahesabiwi. Tusipokuwa na vikundi, tutafanyaje?"

  Nkwimba aliogopa kidole kuliko mtu yeyote kwenye kikao kile, nanyi mnajua kwa nini. Alisimama kwa kushika bega la aliye karibu naye.

"Nitawahesabu mimi," alisema. "Mmoja mmoja, kwa majina, kwa kidole. Kama Kifo kinasikiliza, kisikilize. Mwaka jana niliwaficha kwenye vikundi kisiwasikie, na kilichukua."

Wazee wakaguna. Mama wawili wakawavuta watoto wao nyuma. Mzee Lufunga akamwambia mjukuu wake arudi kwa mama yake.

Jioni ya kwanza ya kuamia ndege, kijiji kizima kilishuka ukingoni. Watoto walivuka gogo wakasimama kwenye mawe. Masele alishika kamba lakini hakukaza. Nkwimba akainua kidole chake. Kidole kilitetemeka hivi, kama hiki changu, na changu ni cha uzee tu.

"Kabula," alisema, akamgusa kichwani. "Mmoja."

"Nipo."

 Nkwimba akaenda kwa wa pili, akamwita, akamgusa. Wawili. Nipo. Akaenda kwa wa tatu, na hapo alisimama, maana tatu ilikuwa ya Milembe, na machozi yakamtoka. Akamshika yule mtoto wa tatu kichwa kwa mikono miwili, akamwachia, akaendelea. Kazi ilikuwa ndefu. Sita mara nne ni pumzi moja tu, lakini majina ishirini na tatu yanachukua jioni, na kila jina lina uso wake, kuna anayepiga chafya, kuna anayeitika mara mbili. Nkwimba aliwajua siku ile kuliko siku zote alizowafundisha.

"Ishirini na tatu," alisema hatimaye. Akashusha mkono. "Wametimia."

"Endelea," Minza alisema kutoka kwenye mawe ya nyuma.

"Minza, wamekwisha."

"Endelea, dada."

Nkwimba alimtazama. Akageuka, akaielekea mbuga na mtama wake, akavuta pumzi.

"Holo," aliita.

 Watu wakangoja. Waliungoja muda ambao mtoto wa miaka sita angehitaji kutoka kwenye mtama, kukiweka kikapu vizuri, na kukimbia hadi ukingoni. Mto ulikuwa mdogo jioni ile, unapita tu. Watoto ndio waliokuwa wa kwanza kujisogeza, wakashikana mikono, wote, hata wale waliokuwa hawasemeshani.

Minza akajifuta uso kwa ncha ya kanga yake.

"Sasa vuta gogo, Masele," alisema. "Watoto wana njaa."

Hadithi yangu imeishia hapo ukingoni, mimi sina pa kuipeleka zaidi. Kabla hamjaenda kulala, kila mtu aseme jina lake, nisikie. Anza wewe wa mwisho, uliyeitikia kama mgonjwa.